Baiti 364 Kabla ya Neno la Kwanza

Pale Kobero, mpakani mwa Burundi na Tanzania upande wa Muyinga, lori likifika kutoka bandari ya Dar es Salaam hakuna anayevunja lakiri ya kontena ili ajue kilichomo. Afisa wa forodha anasoma karatasi: shehena ni ya nani, imetoka wapi, inakwenda wapi, ushuru umelipwa au bado, kibali kinaisha lini. Kwa kusoma hayo tu anaamua lori lipite, lingoje au lisogezwe pembeni. Mzigo wenyewe, uwe sukari au vipuri, haujaonwa na mtu tangu ulipofungwa. Safari yake yote imeamuliwa na maneno machache ya mtu aliyekuwa mbali, aliyelazimika kufikiri mapema juu ya kila mkono utakaozishika karatasi zile.

Ufundi wa namna hiyo upo pia ndani ya mashine, na watu wachache huutazama. Ni ufundi wa kuandika sifa za ujumbe katika programu za foleni, zile zinazobeba mawasiliano ya benki, mamlaka za mapato, mashirika ya ndege na kampuni za simu. Kadiri ninavyoutazama ndivyo ninavyozidi kuuheshimu, na ningependa msomaji asiyewahi kuandika hata mstari mmoja wa programu auone uzuri wake.

Programu mbili zinazotaka kuzungumza zinaweza kuunganishwa moja kwa moja, na hapo lazima zote mbili ziwe hai kwa wakati mmoja. Au moja inaweza kuacha ujumbe mahali salama ikaendelea na shughuli zake, na nyingine ikauchukua itakapokuwa tayari. Mahali hapo ndipo panapoitwa foleni, na programu inayopalinda huitwa meneja wa foleni. Kati ya Gitega na Muyinga njia ya pili ndiyo yenye busara. Gitega ni mji mkuu wa kisiasa tangu 2019, na ofisi nyingi zina sababu ya kupeleka taarifa huko. Barabara ya kupitia Karuzi inapanda na kushuka vilima, waya na minara nayo hupita vilima hivyo hivyo, na umeme hukatika. Tawi la Muyinga linaweza kuwa gizani saa ile ile Gitega inapotaka jibu. Foleni haijali hilo. Ujumbe unangoja.

Lakini ili ujumbe ungoje vizuri, lazima uwe umejieleza. Chukua IBM MQ, programu iliyotoka mwaka 1993 kwa jina la MQSeries na kukuzwa katika maabara ya Hursley, kusini mwa Uingereza. Kila ujumbe unaopita humo hutanguliwa na kichwa chenye nafasi maalumu za kujazwa. Kichwa cha toleo la kwanza kina baiti 324, cha toleo la pili kina baiti 364. Hata kama mwili wa ujumbe ni herufi moja tu, kichwa kipo kizima. Anayeupitisha njiani haruhusiwi kutegemea mwili. Anategemea kichwa.

Nianze na jina. Kila ujumbe hupewa kitambulisho cha baiti 24. Programu inayotuma ikikiacha wazi, meneja wa foleni hukitengeneza mwenyewe. Baiti 4 za mwanzo ni alama ya bidhaa, kwa kawaida herufi AMQ na nafasi tupu. Zinafuata herufi 12 za mwanzo za jina la meneja wa foleni aliyeuzaa ujumbe, na zilizobaki hutokana na saa ya mashine, ili pasiwe na jumbe mbili za jina moja. Kwa hiyo ujumbe uliozaliwa Muyinga unabeba Muyinga popote uendako. Ukiukuta umekwama kwenye foleni usiyoitarajia, huna haja ya kuulizana kwenye simu umetoka kwa nani.

Sasa tazama jinsi kanuni hiyo ndogo inavyompima fundi. Jina la meneja wa foleni linaruhusiwa kufika herufi 48, na mtu mwenye haraka ataona vema kuwaita mameneja wake BURUNDI.AGENCE.GITEGA na BURUNDI.AGENCE.MUYINGA. Ni majina mazuri, yamepangwa kutoka kikubwa kwenda kidogo, kila karani atayaelewa. Ila herufi 12 za kwanza za yote mawili ni BURUNDI.AGEN. Gitega na Muyinga zimefutika kwenye kitambulisho, na ulinzi wote dhidi ya jumbe za jina moja umebaki mikononi mwa saa za mashine mbili zinazoweza kulingana. Anayeujua ufundi huweka mbele kinachotofautisha: GITEGA.AGENCE, MUYINGA.AGENCE. Ni uamuzi wa dakika moja siku ya kwanza ya kazi, hauonekani na mteja yeyote, wala hakuna atakayemsifu aliyeufanya. Mimi namsifu.

Baada ya jina kuna saa, na mpaka wa Kobero unaieleza kuliko kitabu. Burundi hufuata saa ya Afrika ya Kati, Tanzania ya Afrika Mashariki, iliyo mbele kwa saa moja. Dereva akiondoka Kabanga, wilaya ya Ngara, saa tatu kamili asubuhi, anaingia Kobero saa mbili na dakika chache. Kwa binadamu hakuna tatizo, atarudisha mshale wa saa yake. Kwa mifumo miwili ya kompyuta inayopeana taarifa, kila mmoja ukiandika saa ya ukutani kwake, tamko la forodha litaonekana limepokelewa karibu saa nzima kabla halijatumwa. Waliochora kichwa cha MQ waliamua kwamba saa ya kuweka ujumbe foleni iandikwe kwa saa ya Greenwich, tarakimu nane zilizobanana: saa tatu ile ya Kabanga inakuwa 06000000. Tena anayeiandika si programu inayotuma. Ni meneja wa foleni, na ni programu yenye idhini maalumu tu inayoweza kuiandika badala yake. Mtumaji haachiwi kujitolea ushahidi wa lini alituma.

Jambo hili lina uzito wa kweli kwenye njia hii. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mamlaka za mapato za ukanda huu zikawa na RADDEx, mfumo wa kupeana taarifa za forodha ili habari ya shehena itangulie lori. Kisha Himaya Moja ya Forodha ikaanza kutekelezwa mwaka 2014, na tamko likawa linafanywa bidhaa zikiwa bado bandarini. Lori la Muyinga likitoka Dar es Salaam lina zaidi ya kilomita elfu moja za kutembea, na taarifa yake inatakiwa ifike mpakani mapema, ikiwa na umri unaosomeka sawasawa pande zote mbili.

Umri huo ndio unaonileta kwenye sifa ninayoistahi kuliko zote: muda wa kuishi. Mtumaji anaweza kusema ujumbe huu una maana kwa muda gani. Katika MQ muda huo huhesabiwa kwa sehemu za kumi za sekunde, hivyo dakika kumi huandikwa 6000, na anayedhani anaandika sekunde akajaza 600 ameupa ujumbe wake dakika moja tu. Asiyesema kitu, kwa kawaida ujumbe wake hauna mwisho.

Uzuri wake ni huu. Muda ule hauandikwi kama saa ya kufa. Huandikwa kama akiba iliyobaki, na ujumbe unapongoja kwenye foleni moja baada ya nyingine, akiba hupunguzwa kwa muda uliongojewa. Ukitoka Muyinga na dakika kumi ukangoja dakika nne njiani, unafika Gitega na sita. Hakuna haja ya saa za mashine kukubaliana, kwa kuwa kila mashine inapima tu muda uliopita mbele ya macho yake. Waliotunga JMS, kanuni za ujumbe za lugha ya Java mwishoni mwa miaka ya 1990, walichagua njia nyingine: saa ya mtumaji hujumlishwa na muda wa kuishi, na ujumbe unabeba wakati kamili wa kufa. Ni njia rahisi kusoma, na pale saa zote zinapotunzwa vizuri inafaa kabisa. Lakini kwenye tawi ambalo kompyuta imezimika na kuwashwa mara nyingi, saa ikaenda mbele dakika tano, ujumbe wa dakika tatu unafika ukiwa tayari maiti. Nikitazama mazingira yetu, naona akiba inayopungua ilifikiriwa kwa huruma zaidi.

Kinachobaki ni kujua ujumbe upi upewe mwisho, na hapo mashine haisaidii. Mteja amesimama dirishani Muyinga anauliza salio lake. Jibu likija baada ya nusu saa halina mwenyewe, ameshakwenda sokoni. Swali lile lipewe dakika moja au mbili, life, mashine ya Gitega isipoteze nguvu kujibu maswali ya watu walioondoka. Agizo la malipo ni kitu kingine kabisa. Hilo halitakiwi kufa kimyakimya hata siku moja. Liishi mpaka lijibiwe, na likishindikana lirudi na sababu. Mwandishi wa programu anayetumia muda mmoja kwa yote mawili hajakosea sarufi yoyote ya kompyuta, mashine itampokea bila kulalamika. Amekosa kufikiri juu ya yule mtu dirishani.

Kudumu ni sifa inayofanana na muda wa kuishi lakini si hiyo. Ujumbe uliotiwa alama ya kudumu huandikwa kwenye daftari la diski kabla mtumaji hajaambiwa kwamba kazi imekamilika. Umeme ukikatika hapo hapo, mashine ikiamka itausoma tena. Usiotiwa alama hiyo hukaa kwenye kumbukumbu, unakwenda haraka, na meneja wa foleni akizimwa na kuwashwa tena haupo. Diski ni polepole, kwa hiyo kudumisha kila kitu ni gharama. Taarifa ya kiwango cha faranga inayotumwa upya kila baada ya dakika chache haina haja ya kudumu, ijayo itaifuta. Stakabadhi ya ushuru uliolipwa Kobero lazima idumu. Kichwa kinaruhusu pia jibu la tatu, yaani foleni yenyewe iamue kwa chaguo lake la kawaida, na wengi huliacha hivyo. Sikubaliani nao. Thamani ya kinachotumwa anaijua anayetuma. Msimamizi wa foleni anaona jumbe elfu nyingi zinazofanana kwa nje, na si haki kumtaka akisie.

Kipaumbele sitakaa nacho. MQ ina ngazi 0 hadi 9, MSMQ ya Microsoft ya mwaka 1997 ina 0 hadi 7 na asiyechagua hupewa 3, JMS humpa 4. Jumbe zenye ngazi moja hupangwa kwa kuwahi. Programu zote za nyumba moja zikiandika 9, foleni imerudi kuwa ile ile ya kuwahi, na hakuna wa haraka tena. Nimewaona waandishi wa programu wanaoipa ripoti yao wenyewe 2 kwa sababu wanajua inaweza kusubiri mpaka jioni, na hao ndio ningependa wanitengenezee mfumo.

Nafasi moja ya kichwa hutaja seti ya herufi kwa namba: 1208 ni UTF-8, 819 ni herufi za Ulaya Magharibi, 297 ni za Kifaransa kwenye kompyuta kubwa za IBM. Kirundi na Kiswahili, kama vinavyoandikwa kila siku, havina alama juu wala chini ya herufi. Ila ofisi zetu huandika Kifaransa, na neno linalojirudia kuliko mengi kwenye jumbe za malipo ni reçu. Baiti ya ç katika 819 ni E7. Katika 297, E7 ni X. Mpokeaji asiyeambiwa namba hana njia ya kujua, atapata takataka na kumlaumu mtumaji. Hata meseji ya simu inaliogopa neno hilo: alfabeti ya msingi ya GSM ina Ç kubwa lakini haina ndogo, na herufi hiyo moja ikiwekwa kama ilivyo, nafasi ya meseji hushuka kutoka herufi 160 hadi 70. Tarakimu chache kwenye kichwa huepusha uhasama mwingi.

Kisha kuna adabu ya kuuliza na kujibu, nayo imetengenezwa kwa nafasi tatu tu. Anayeuliza huandika jina la foleni ambayo jibu liletwe na jina la meneja wake, kila moja hadi herufi 48. Anayejibu huchukua kitambulisho cha swali, zile baiti 24, na kukinakili kwenye nafasi ya uhusiano ya jibu lake. Basi. Programu ya Gitega inaweza kuhudumia Muyinga, Ngozi na Ruyigi bila kuwa na orodha ya matawi ndani yake, na tawi jipya likifunguliwa kesho programu hiyo haiguswi. Muyinga nayo ikiwa na maswali mia hewani, majibu yakirudi yamechanganyika, kila jibu linajua swali lake. Mtumaji anaweza pia kuomba taarifa za njiani, na waliochora walitenganisha kwa makini taarifa ya kufika na taarifa ya kuchukuliwa. Ya kwanza inasema ujumbe umeingia kwenye foleni ya mwisho. Ya pili inasema programu imeutoa. Katikati ya hizo mbili panaweza kupita wikiendi nzima, na anayezichanganya atamwambia mteja pesa zimeshughulikiwa wakati zimelala.

Nafasi nyingine hujazwa na mateso. Programu inapochukua ujumbe ikashindwa kuumaliza, ikaurudisha, hesabu ya marejesho kwenye kichwa huongezeka kwa moja. Ujumbe wenye kasoro ungeweza kuchukuliwa na kurudishwa maelfu ya mara usiku kucha, ukiwazuia walio nyuma yake. Programu iliyoandikwa vizuri husoma hesabu ile kwanza, na ikizidi kikomo kilichowekwa kwenye foleni, huuhamishia foleni ya kando ukatazamwe na binadamu. Usioweza kufikishwa kabisa hupelekwa foleni ya wafu na kuvikwa kichwa cha ziada chenye sababu: 2085 kwamba foleni iliyotajwa haijulikani, 2053 kwamba imejaa. Hautupwi bila maelezo.

Vijana wanaojifunza kazi hii ningewashauri waanze na programu ndogo inayokuja na MQ, amqsbcg, inayoonyesha kichwa na mwili wa kila ujumbe ulio kwenye foleni bila kuutoa. Wakae nayo wasome. Wajizoeze kusema, kabla ya kutazama mwili, ujumbe umetoka wapi, una umri gani, mtumaji alijali au hakujali. Inawezekana kabisa.

Nimeliacha mwisho jambo ambalo limeikuta Muyinga yenyewe. Tangu toleo la 7 la mwaka 2008, MQ inaruhusu mtumaji kuongeza sifa zake mwenyewe, kwa majina anayochagua, na mpokeaji kuomba zile tu zinazolingana na sharti lake, mathalani zile zenye mkoa = 'Muyinga'. Ni nafasi yenye nguvu kuliko zote, na kwa hiyo ndiyo inayotaka hekima kuliko zote. Kwa sheria ya 2023, iliyoanza kutumika na uchaguzi wa 2025, mikoa 18 ya Burundi imekuwa 5 na tarafa 119 zimekuwa 42. Gitega imebaki jina la mkoa, ingawa mipaka yake si ile ya zamani. Muyinga si mkoa tena. Ni tarafa katika mkoa wa Buhumuza.

Fikiria mpokeaji anayesubiri mkoa = 'Muyinga' na mtumaji aliyesahihishwa akaandika 'Buhumuza'. Hakuna kosa litakaloonyeshwa. Ujumbe utaingia foleni, hautalingana na sharti la mtu, utakaa, na kama ulipewa maisha yasiyo na mwisho utakaa mpaka foleni ijae. Upande wa Gitega hatari ni ya kichinichini zaidi, maana jina halikubadilika: ujumbe wa mkoa = 'Gitega' utapokelewa vizuri, na hakuna atakayejua kama mtumaji alikusudia Gitega ndogo ya jana au kubwa ya leo. Dawa ni ya kifundi na haina haraka. Mtumaji aandike sifa mbili, mkoa wa zamani na mkoa wa sasa, pamoja na namba ya toleo la mgawanyo. Wapokeaji wahamishwe mmoja mmoja kwenda kwenye sifa mpya. Sharti la zamani liachwe likisikiliza mpaka idadi ya jumbe za mgawanyo wa zamani kwenye foleni isome sifuri, siku kadhaa mfululizo, mwisho wa mwezi ukiwemo kwa sababu ndipo ripoti zilizochelewa huingia. Baada ya hapo ndipo sifa ya zamani iondolewe kwenye programu ya mtumaji, na ile namba ya toleo ibaki palepale kwa ajili ya mgawanyo utakaofuata.